Matanga Si Mtoko

Wanandoa waliopita umri wa miaka sitini wanapokuja kwangu kwa ushauri, huwa nawauliza swali moja kabla ya mengine: mara ya mwisho nyinyi wawili kutoka pamoja ilikuwa lini? Mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Kiminini alinijibu hata kabla sijamaliza kuuliza. "Jumamosi iliyopita tu." Walienda wapi? "Kimilili. Kulikuwa na matanga." Mkewe akageuza uso, akaanza kutazama nje dirishani.

Nikadodosa. Kumbe Mwalimu alikwenda na gari la wazee, akakaa kwenye hema la mbele kwa kuwa alikuwa katika ratiba ya hotuba. Mama alikuwa ametangulia alfajiri na matatu iliyokodiwa na kina mama wa kanisa, masufuria miguuni, akashinda jikoni. Walionana saa kumi jioni, kwa mbali, yeye mwiko mkononi. Kurudi, kila mmoja alipanda gari lililomleta.

Watu ninaowasimulia hapa nimewachanganya makusudi, ili jirani asimtambue jirani. Lakini jibu hilo la matanga nimelisikia Kitale, nimelisikia Bungoma, na sasa silishangai tena. Mzee wa huku ukimfungulia kalenda yake, Jumamosi ni za mazishi na harusi, Jumapili ni ya kanisa, katikati kuna mikutano ya kamati. Watu hawa hutoka sana. Kinachokosekana ni siku moja ambayo hakuna anayewangoja huko waendako.

Ipo pia sababu ya ardhi, na hii ni yetu sisi wa huku. Mipango ya makazi ilipoanza mwaka 1962, na baadaye vyama na makampuni ya kununua mashamba yalipoingia, familia nyingi za Kibukusu zilipata ekari Trans Nzoia bila kuachia boma la babu Bungoma. Kati ya mji wa Kitale, huko Trans Nzoia, na mji wa Bungoma, ukipitia Webuye, ni kama kilomita 80. Si mbali kwa gari. Kwa ndoa ni mbali. Mwalimu wetu alifundisha Bungoma karibu maisha yake yote, mama akabaki Kitale na mahindi, ng'ombe na watoto. Wakawa wanaonana mwisho wa mwezi na likizo. Wakati huo maneno yao yalikuwa karo, mbolea, na nani mgonjwa, kwa sababu muda ulikuwa mfupi na mambo hayo hayangoji.

Halafu miaka 60 ikatimia, barua ya kustaafu ikaja, na mtu akarudi nyumbani moja kwa moja. Mama aliniambia jambo ambalo nimelisikia kwa wengi, ila yeye alilisema vizuri: "Alikuwa mgeni mzuri. Sasa ananiuliza mbona sukari inaisha haraka."

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Nchini Japani, mwaka 1991, daktari Nobuo Kurokawa alieleza maradhi aliyokuwa akiyaona kwa wake ambao waume zao wamestaafu: kukosa usingizi, tumbo kuuma, presha kupanda. Kule Marekani, Susan Brown na I-Fen Lin wa Chuo Kikuu cha Bowling Green State walionyesha kwamba kati ya 1990 na 2010 kiwango cha talaka kwa waliopita miaka 50 kiliongezeka mara mbili. Huku kwetu wazee hawafiki mahakamani. Mama anarudi nyumba ya Kitale, mzee anabaki ya Bungoma, na ukiuliza unaambiwa ameenda kuangalia mahindi. Mahindi yenyewe yameshavunwa.

Sasa, kutoka pamoja kunasaidia nini? Mwaka 1993 Charlotte Reissman, Arthur Aron na Michael Bergen waliwagawa wanandoa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa kufanya pamoja mambo yanayosisimua, ambayo si ya kila siku. La pili lilipewa mambo ya kupendeza lakini waliyoyazoea. La tatu halikupewa kitu. Ilikuwa saa moja na nusu kwa wiki, kwa wiki kumi. Waliofanya mambo mapya ndio waliozidi kuridhika na ndoa zao kuliko wale wa mambo ya kawaida. Baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, Aron na wenzake waliwafunga wanandoa pamoja mkono na mguu, wakawatambaza juu ya mikeka huku wakibeba mto bila kuushika kwa mikono. Sitaki kumwona mzee wa Chwele akifungwa mguu na mkewe, na wala haitahitajika. Ninachokichukua hapo ni kwamba kula nyama pale pale mlipozoea kula nyama ni jambo zuri, ila halitoshi. Mtu uliyeishi naye miaka arobaini unamwona upya pale anapokutana na kitu kipya na wewe uko kando yake.

Na kuhusu nyama. Wazee wengi wakiambiwa watoke, wazo la kwanza ni mkahawa wa nyama choma mjini. Mimi huwazuia, na sababu yangu ni masikio. Usikivu unapopungua kwa umri, huanza kupotea sauti nyembamba, za juu. Mzee anaendelea kusikia lori likipita na mwenzake mwenye sauti nzito, lakini sauti ya mke na ya mjukuu zinamfikia zikiwa zimekatika. Weka juu yake televisheni ya mpira na spika mlangoni. Mama anasema jambo, mzee anaitikia "eeh" asichokisikia, mama anaona amepuuzwa, ananyamaza. Mzee naye anarudi nyumbani akisema mke wangu siku hizi hana maneno. Nimewapeleka watu kupimwa masikio na nusu ya ugomvi ukaishia huko huko. Nusu nyingine ilibaki, bila shaka.

Jambo la pili watu huona haya kulitaja. Wengi katika umri huu wanameza dawa za presha, na baadhi ya vidonge hivyo kazi yake ni kutoa maji mwilini. Anayevimeza saa moja asubuhi hatulii ndani ya matatu hadi Kapenguria. Nimekuta mama aliyekataa kila safari kwa mwaka mzima, mumewe akidhani amemchoka, kumbe anaogopa barabara isiyo na choo. Asiache dawa kwa ajili ya matembezi. Amuulize daktari au afisa wa kliniki kama saa ya kumeza inaweza kusogezwa siku hiyo, na kabla ya kupanga waendako ijulikane choo kiko wapi.

Tulikaa na kalenda, mimi na Mwalimu na mkewe. Machi na Aprili ni kupanda. Mei ni palizi. Oktoba hadi Desemba ni kuvuna, kukausha na kupiga magunia, na Desemba yenyewe nyumba inajaa. Januari na Februari ni karo za wajukuu. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ni tohara, na hapo Bungoma nzima iko barabarani ikicheza. Ikabaki Juni, Julai na kipande cha Septemba. Mvua za Kitale nazo hupenda kuangusha alasiri, kwa hiyo mtoko uwe wa asubuhi. Tukaandika Jumanne. Mwalimu akauliza kwa nini Jumanne. Nikamwambia mazishi ya Jumanne ni machache.

Walikwenda Saiwa. Ni hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote Kenya, kama kilomita tatu za mraba, ilitangazwa mwaka 1974 ili kumlinda nzohe, swala wa kinamasi ambaye wengi humjua kwa jina la sitatunga. Iko kilomita ishirini na kitu kutoka Kitale mjini, barabara ya Kapenguria. Hakuna kuingia na gari. Unatembea kwa miguu juu ya njia za mbao zilizotandikwa kwenye kinamasi, na kuna majukwaa ya kupanda ili kuchungulia. Majukwaa niliwaambia wayaache kama magoti yanalia.

Nilipachagua kwa sababu ya mwendo. Wazee wetu wengi hutembea mume mbele, mke hatua ishirini nyuma na kikapu. Juu ya mbao nyembamba, zenye utelezi asubuhi, huwezi kumwacha mwenzako nyuma hatua ishirini. Unasimama, unanyoosha mkono. Tena hapo hamtazamani uso kwa uso kama mahakamani, macho yote yako kwenye matete, na maneno mazito hutoka rahisi zaidi watu wakiwa wanatazama kitu kingine.

Walimwona nzohe mmoja, dume. Mwongozaji akawaeleza kwamba ana kwato ndefu zinazopanuka ili asizame kwenye tope, na akitishwa huzama majini, akabakiza pua tu. Mama akasema, "Kama wewe mwezi wa karo." Mwalimu alicheka mpaka nzohe akakimbia. Alinisimulia mwenyewe, na aliposimulia alicheka tena, na mimi nikaandika kwenye daftari langu kwamba amecheka.

Kwa nini niliandika? John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miaka mingi huko Seattle, aliangalia vitu vidogo vya namna hiyo: mmoja anarusha neno, "ona ule mti", na mwenzake ama anageuka kuona au hageuki. Waliokuwa bado pamoja baada ya miaka sita walikuwa wamegeuka mara 86 kati ya 100. Walioachana, mara 33. Sisemi kwamba nambari hizo zingetoka sawasawa Misikhu au Endebess. Lakini nyumbani, redio ikiwaka na simu ya kamati ikilia, neno kama lile la mama lingeangukia sakafuni.

Niseme pia, kwa yule anayesoma na moyo wake umeshikana: haya ni ya watu ambao mapenzi yao yamepoa tu. Penye kipigo au vitisho, usimpeleke mtu kinamasini na anayempiga. Hapo kuna hatua nyingine kabisa.

Matembezi ya familia ni kitu tofauti, na kosa ninaloliona zaidi ni kuyachanganya na haya. Watoto wa Nairobi wanapiga simu: "Mama, tunawatoa mwezi wa nane." Wanakuja na magari mawili, nyanya anakaa kiti cha nyuma kati ya watoto wawili, anabeba juisi, anafuta pua, anatafuta kiatu. Amefurahi, ndiyo. Hajatoka na mumewe. Tena kuna heshima ya ukwe: mama mkwe hawezi kubanana kiti kimoja na mkwewe wa kiume, na mzee haketi popote tu mke wa mwanawe alipo. Kabla ya injini kuwashwa pangeni nani yuko gari gani, la sivyo wazee watakaa wamejikunyata safari nzima na hamtajua kwa nini.

Kwa safari hizo mimi napenda Jumba la Makumbusho la Kitale. Lilianza mwaka 1926 kama mkusanyiko wa mtu mmoja, Kanali Hugh Stoneham, aliyekuwa akikusanya wadudu, ndege na vitabu. Baada ya kifo chake likaingia mikononi mwa serikali na kufunguliwa mwaka 1974. Watoto hukimbilia nyoka na kobe. Wazee wapelekeni kwenye zile nyumba za kitamaduni. Pale ndipo kuka, yaani babu, ambaye nyumbani hawezi kuwasha kompyuta ya mjukuu, anageuka kuwa mwenye kujua. Mlima Elgon, na pango la Kitum ambamo tembo huingia usiku kuchimba chumvi ukutani, waachieni wajukuu na wazazi wao. Wazee wabaki chini na chupa ya chai. Ndio mtoko wenyewe huo, kama mna akili.

Mwezi uliofuata ile safari ya Saiwa, Mwalimu na mkewe hawakutoka. Kulikuwa na msiba. Uliokuja baadaye mvua iliwahi. Nikadhani yamekwisha, kwani mara nyingi huishia hapo.

Kisha wakaja, na mama ndiye aliyeanza. Walikuwa wametoka mazishi Bukembe, safari hii kwa gari moja, la kukodi, kwa sababu Mwalimu alikataa lile la wazee. Walipofika Webuye akamwambia dereva akate kona, awapeleke Nabuyole, kwenye maporomoko ya Nzoia. Alikuwa amesomesha watoto habari za maporomoko yale miaka yote na mkewe hakuwahi kuyaona. Walishuka na nguo zao za matanga, yeye leso kiunoni, mzee na tai. Miamba ilikuwa imelowa. Simu ya Mwalimu ikalia, mweka hazina wa kamati, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nini," mama akasema. "Alinishikia viatu."