Nyumba ya Zamani, Ndoa Mpya



Wengi wenu mlikuja kutuimbia siku ya arusi yetu, mwezi wa saba mwaka uliopita, na mlituletea sufuria, ndoo na vitambaa. Tangu siku ile, kila mkutano mnatuuliza: "Nyumba imefika wapi?" Leo tunawajibu kwa maandishi, sababu jibu ni refu kupita salamu za mlangoni. Anayeandika ni bibi wa nyumba, yule mwalimu mnayemfahamu. Lakini bwana amesoma kila mstari na kusahihisha hesabu, ndiyo maana tunasema "sisi".

Nyumba yenyewe ni moja ya zile za matofali za Bagira. Zilijengwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, na OCA, lile shirika lililoundwa mwaka 1952 kwa kujenga mitaa ya Waafrika katika miji mikubwa ya Kongo. Ina saloni moja, vyumba viwili, na jiko upande wa nyuma. Baba mkwe aliipata akingali kijana, akalea watoto 5 ndani yake, na humo ndimo alimofia. Mama mkwe anakaa katika chumba cha mbele. Sisi tulipewa chumba cha nyuma, pamoja na neno hili la jamaa: "Kaeni, tengenezeni, nyumba ni yenu."

Tulishukuru sana. Mnajua namna ilivyo hapa Bukavu: mwenye nyumba anataka garanti ya miezi mingi mbele ya kukupa ufunguo, na mshahara wa mwalimu hauna miezi mingi ndani yake.

Tulianza na rangi

Kosa letu la kwanza tunalisema wazi, ili vijana wanaofunga ndoa mwaka huu wasilirudie. Feza za zawadi tulizinunulia rangi. Ilikuwa bado kiangazi, kuta zilikuwa kavu, na sisi tulitaka wageni wakifika waone nyumba ya maarusi. Tukapaka nyeupe juu na kijani chini. Watu walisifu sana.

Mwezi wa tisa mvua ikaanza. Usiku wa kwanza tulitega beseni 3, usiku wa pili beseni 7. Manjanja yalikuwa yametobolewa na kutu kila mahali palipo na msumari. Katika chumba chetu ukuta wa nyuma ukaanza kutoa jasho kutoka chini, na mwezi wa kumi rangi yetu ya kijani ilivimba, ikaanguka vipande vipande kama ganda la ndizi. Tulikuwa tumepaka rangi juu ya ugonjwa.

Tena palikuwa na ufa, kutoka pembe ya dirisha mpaka karibu na paa, ambamo kidole kinaingia. Ufa huo ni wa tarehe 3 Februari 2008. Ninyi mliokuwa mjini mnaikumbuka siku ile ya Mungu, asubuhi, watu wengi wakiwa kanisani, tetemeko lilipoupiga mji wetu. Baba mkwe aliuziba kwa udongo, na kila mwaka udongo uliendelea kudondoka.

Tukaita fundi. Akaugonga ukuta kwa nyundo, akatikisa kichwa, akatuambia usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba wetu umekwisha kupita hali ya kuziba. Alitaka kuubomoa wote na kuujenga upya: mifuko 14 ya simenti, mchanga, na kazi ya majuma 3.

Swali lililomwaga bugali

Feza zilikuwapo. Bibi alikuwa ameweka akiba katika AVEC miaka 2 mbele ya ndoa, na siku ya kugawa, mwezi wa kumi na mbili, alipokea dola 420. Wenye AVEC wanajua dola 420 ni vitafunio vingapi vilivyoachwa, ni vitenge vingapi visivyonunuliwa.

Shangazi mmoja wa upande wa bibi alipopata habari, aliuliza swali moja tu: "Kwa karatasi, nyumba ni ya nani?"

Hatukujua. Tulipotazama, karatasi za parseli zilikuwa bado kwa jina la baba mkwe, marehemu. Tukaenda kumuuliza mtu anayejua sheria. Alitueleza kwa utulivu, na sisi tunawaeleza ninyi vilevile.

Sheria ya Jamaa ya Kongo ni ya mwaka 1987, na ilirekebishwa mwaka 2016. Baba akifariki, watoto wake wote ni warithi, wasichana sawa na wavulana. Hakuna mtoto mmoja anayerithi nyumba kwa sababu tu ndiye anayelala ndani. Mjane naye ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na bwana yake. Halafu kuna mali ya bibi na bwana. Siku ya ndoa ya komini mnachagua namna mali yenu itakavyotunzwa. Sisi tulichagua ushirika wa mali inayopatikana ndani ya ndoa. Maana yake, tunachokipata pamoja tangu siku ile ni chetu sote wawili. Lakini kile ambacho mmoja alikuwa nacho mbele ya ndoa, au anachorithi, kinabaki chake.

Kwa hiyo akiba ya bibi, aliyoiweka akiwa msichana, ilikuwa inakwenda kugeuka kuwa ukuta wa nyumba ya warithi 5. Hakuna ubaya katika kusaidia. Ubaya ni kusaidia bila mtu kujua ni msaada, ni deni, au ni nini.

Swali lilikuwa la haki, lakini tuliliuliza vibaya. Tuliliuliza mezani, usiku, mbele ya mama mkwe, bila maandalizi: "Tukijenga ukuta huu, kesho nyumba ikigawanywa, feza zetu zitakuwa wapi?" Mama mkwe aliweka chini tonge la bugali. Akasema: "Bwana yangu hajaoza, na mkamwana wangu anahesabu matofali yake." Akaingia chumbani. Siku 3 hakutuambia neno ila salamu.

Kati yetu wawili pia mambo yalikuwa magumu. Bwana alisema kwamba mtu anayehesabu namna ile anajitayarisha kuondoka. Bibi alijibu kwamba mtu asiyehesabu ndiye hufukuzwa na kitenge kimoja mkononi, na wajane wa namna hiyo sote tunawajua kwa majina. Wote wawili tulikuwa na sababu, na wote wawili tulilala tukitazama ukuta. Tunawaandikia jambo hili sababu katika ndoa nyingi ugomvi wa namna hii unafichwa chini ya rangi.

Mfereji wa baba

Siku ya posho iliyofuata mvua ilinyesha usiku kucha. Saa nane za usiku mama mkwe aligonga mlango wetu, tochi mkononi. Aliumulika ukuta, akaushika chini kwa kiganja, kisha akauliza: "Mfereji wa baba yenu mliuweka wapi?"

Mfereji gani? Bwana alizaliwa wa mwisho katika nyumba hii na hakuwahi kuona mfereji wowote.

Asubuhi mama mkwe alitupeleka nyuma ya jiko. Chini ya migomba, chini ya takataka na majivu ya miaka mingi, alichoma ardhi kwa fimbo mpaka fimbo ikagonga jiwe. Akatuambia kwamba alipofika hapa akiwa bibi arusi, ukuta ule ule ulikuwa unatoa jasho, na baba mkwe alichimba mfereji, akaupanga mawe, ili maji ya mlimani yazunguke nyumba na kushuka njiani. Yeye mwenyewe alibeba mawe yale kwa kichwa, akiwa na mimba ya mtoto wa kwanza.

Tulichimba siku 4. Tulitoa udongo, mifuko ya plastiki, mizizi, hata kiatu cha mtoto ambacho mama mkwe alikitambua. Mvua iliyofuata tulisimama nyuma ya nyumba chini ya mwavuli mmoja, sisi na yeye, tukatazama maji yakizunguka na kushuka njiani. Ukuta haukupona siku ile, lakini uliacha kunywa. Kiangazi kilipofika ulikauka, mpaka ule mstari wa unyevu ukabaki alama tu.

Juu ya ufa, fundi mwingine, mzee, alitufundisha jambo la bei ndogo. Alipaka kipande chembamba cha plasta kukatisha ufa, juu na chini, akaandika tarehe. Plasta ikipasuka, ukuta ungali unatembea. Isipopasuka, ufa ni kovu la zamani. Tulingoja miezi 6. Haikupasuka. Basi hatukubomoa ukuta. Mzee alisafisha ufa, akatoa matofali yaliyovunjika, akatia mazima, akaunga. Kazi yote ilikula mifuko 4 ya simenti. Kumi iliyobaki tuliokolewa nayo na mama ambaye hatukumuuliza kitu mbele ya kuita fundi.

Karatasi

Sasa mkutano wa jamaa aliuita mama mkwe mwenyewe. Alisema: "Anayeuliza mbele ya kutoa feza hatapiga kelele nyuma. Ninyi wengine mnajua tu kusema nyumba ni yenu." Wawili walifika, mmoja alisikia kwa simu kutoka Uvira, na kaka mkubwa kwa simu kutoka Goma.

Tuliandika karatasi ya mistari michache. Kwanza, mama atakaa katika nyumba hii mpaka mwisho wa maisha yake. Pili, feza zitakazotolewa kwa kazi kubwa, kama paa na ukuta, zitaandikwa katika daftari pamoja na risiti, na ni nani aliyezitoa. Tatu, ikiwa siku moja nyumba inauzwa au kugawanywa, aliyetoa atarudishiwa kwanza. Nne, watoto wote watafuata pamoja njia ya kugeuza karatasi za parseli, zilizobaki kwa jina la marehemu. Mashahidi wawili na shefu wa avenyu waliweka mkono.

Tusiwadanganye: karatasi hii si hati ya parseli, na kazi ya urithi bado inaendelea. Tena kaka mkubwa alikubali kwa mdomo, lakini mpaka leo hajaweka mkono. Anasema atakuja. Kwa hiyo tulipiga hesabu kwa uangalifu. Kwa akiba ya bibi tulinunua manjanja 18, yakafunika chumba cha mama na chumba chetu, yaani mahali pa kulala, na kila risiti imo ndani ya daftari. Saloni bado ina beseni zake. Inangoja mkono wa kaka. Mama mkwe anampigia simu kila siku ya Mungu baada ya misa.

Kwa wanaoanza

Mkiingia katika nyumba ya zamani, kaeni humo msimu mmoja wa mvua mbele ya kutoa feza nyingi. Mvua itawaonyesha mahali pa kuanzia.

Fuateni maji kwanza: paa, gutiere, mifereji. Kisha kuta. Rangi iwe ya mwisho.

Nyaya za umeme za zamani msiziguse wenyewe. Zikiwa zimepasuka au zinapata moto, zimeni umeme na muite fundi anayejulikana. Katika mitaa yetu iliyobanana, nyumba moja ikiungua haiungui peke yake.

Mbele ya fundi, muulizeni mkubwa aliyekaa humo. Muulizeni maji yalikuwa yanapita wapi, mlango gani ulizibwa, chini ya sakafu kuna nini.

Na juu ya karatasi, ulizeni mapema, mchana, kwa heshima, bwana na bibi wakiwa wameshapatana wao wawili. Tangu mwaka 2016 sheria haimlazimishi tena bibi kuomba ruhusa ya bwana; inawataka wote wawili wapatane. Sisi tulikwenda mezani bila kupatana, na bugali likamwagika.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutapaka rangi tena chumba cha nyuma. Mama mkwe amechagua rangi ya maziwa. Anasema ile kijani ilikuwa kama hospitali. Mkipita Bagira, pigeni hodi. Kama mvua inanyesha, keti upande wa dirisha: hapo hapavuji.