Kuiamsha Injini ya Trekta Iliyolala

Wasikilizaji wetu, yeyote aliyepita njia za Shinyanga au za Geita hapana shaka amewahi kuona trekta kuukuu limesimama chini ya mti, majani yameota kati ya magurudumu, na kuku wanataga chini ya kiti. Mwenyewe husema, "Hili limekufa." Nasi twasema, pengine halikufa, limelala tu. Lakini wako waliolivunja trekta lao siku ile ile waliyotaka kuliamsha. Kwa hiyo twataka kueleza namna ya kuiamsha injini ya dizeli iliyokaa miaka bila kazi, pamoja na sababu ya kila tendo. Maana ajuaye sababu hakosei upesi.

Kwanza tuulize: injini hudhurikaje, nayo haifanyi kazi? Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mpya ulipoanza kazi mwaka 2000, dhahabu iliyobaki ardhini ilikuwa ile ile, haikuota kutu. Chuma sivyo. Ndani ya injini mna silinda, na ndani ya kila silinda mna pistoni iendayo juu na chini. Pistoni imevikwa pete za chuma zinazogusa ukuta wa silinda. Injini ifanyapo kazi, mafuta huupaka ukuta huo daima. Ikisimama muda mrefu, mafuta huteremka, unyevu wa masika huingia kwa bomba la moshi na kupita penye valvu iliyobaki wazi, kutu huota, na pete hushikana na ukuta. Tena panya hujenga katika chujio la hewa, nyigu huziba mabomba kwa udongo, na maji hukusanyika chini ya tangi.

Mashine kushindwa kwa kukosa matunzo si jambo geni katika nchi yetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi yaliletwa, mengine yakiwa yamekwisha kutumika kwingine. Ardhi ilikuwa ngumu, vipuri haba, na mafundi waliofundishwa wachache. Hata kabla ya mwaka huo kwisha, theluthi mbili hivi za matrekta hazikufaa kwa kazi. Mpango ukaachwa mwaka 1951. Fedha ilikuwa nyingi, lakini fedha haikuweza kushika nafasi ya matunzo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tuseme trekta lako ni Massey Ferguson 135, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, maana watu wengi walijua. Usitafute betri kwanza. Wala usilifunge mnyororo likavutwe na trekta jingine. Pete zilizoshikana zikivutwa kwa nguvu huvunjika, na valvu iliyokwama ikisukumwa hupinda fito zake. Kazi ya siku tatu hugeuka kuwa gharama ya mavuno mazima ya pamba.

La kwanza ni kumwaga vitu vya zamani. Mwaga mafuta ya injini katika chombo na kuyatazama. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, jua kwamba yamechanganyika na maji, nawe tafuta njia yalimoingilia kabla ya kuendelea. Mwaga dizeli yote, safisha tangi, na badili machujio. Fungua chujio la hewa na bomba la moshi, utoe viota na udongo.

La pili ni kulainisha. Toa nozeli zote tatu, kisha tia katika kila silinda vijiko vichache vya mafuta mepesi, au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya injini. Acha yashuke hata kwenye pete. Siku moja yaweza kutosha. Injini nyingine hutaka juma zima. Wakati huo fungua kifuniko cha juu, utazame kama kila valvu yashuka na kurudi.

La tatu ni kuizungusha kwa mkono. Hakikisha kwamba gia haikuingia. Shika kwa spana nati kubwa iliyo mbele ya injini, kwenye puli ya mkanda, nawe zungusha taratibu kwa upande wa kulia ukiwa umesimama mbele ya trekta. Ikigoma, usiining'inie, ongeza mafuta, ungoje, ujaribu tena. Ikisogea kidogo, irudishe kidogo, hata ilegee. Kisha izungushe mara mbili kamili. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu katika injini hii kila silinda huvuta hewa, huibana, huwaka, na kutoa moshi katika mizunguko miwili. Ukizungusha mara moja tu, hujajua habari za valvu zote.

La nne, tia mafuta mapya ya injini, maji safi, na dizeli safi, kisha rudisha nozeli. Sasa yakupasa kutoa hewa katika mabomba ya dizeli. Injini hii haina plagi. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa sana, nayo lazima ipulizwe kwa nguvu. Hewa ikiwamo bombani hubanwa yenyewe, na dizeli haifiki. Basi legeza skrubu za chujio na za pampu, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, ndipo ukaze. Usiweke mkono mbele ya nozeli inayopuliza. Dizeli yenye nguvu hiyo hutoboa ngozi na kuingia mwilini.

La tano ni kuwasha. Vuta kizimio kwanza, uzungushe kwa starta vipindi vifupi, ili mafuta yafike kila mahali kabla ya moto. Mweke mwenzako karibu na ubao mpana, tayari kuziba njia ya hewa kama injini itakimbia isizimike. Ubao, si kiganja. Ikiwaka, tazama geji ya mafuta kabla ya kushangilia. Isipopanda upesi, zima mara moja. Moshi mweupe kidogo mwanzoni si ajabu. Lakini moshi wa buluu usiokoma waonyesha kwamba mafuta ya injini yanaungua.

Ndugu zetu wachimbaji wadogo wa Geita nao wana injini za pampu na za karasha zilizolala vivyo hivyo. Njia ni moja, ila onyo ni kubwa zaidi: msiwashe injini ndani ya duara, wala penye mdomo wake. Katika moshi mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua mtu kabla hajaomba msaada.

Mwisho, trekta likiamka, lisilale tena bila matunzo. Funika bomba la moshi kwa kopo, badili mafuta kabla ya kuliweka, na kila mwezi zungusha injini kwa mkono. Mvua ya kwanza ikiloweka mbuga, haimngoji anayetafuta spana. Anzeni kazi hii wakati wa kiangazi, mkiwa na siku za kutosha za kungoja mafuta yashuke. Maana wazee wetu walikwisha kusema, haraka haraka haina baraka.