Sheria Ndogo za Nyumba za Wageni: Mwanachama Aseme Wapi na Lini?

Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ni mkoa wa wasafiri. Wapo washukao Mpanda kwa gari moshi litokalo Tabora kupitia Kaliua. Wapo waendao bandari ya Karema. Wapo watalii wafikao Sitalike, kijiji kilicho mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974. Na yakifika masoko ya tumbaku huja madereva wa malori, wateuzi na wanunuzi. Wote hao hutafuta pa kulala kwa siku mbili tatu. Si ajabu basi kwamba mkulima aliyejenga nyumba kwa jasho lake hutenga chumba kimoja au viwili akawapangisha wageni wa muda mfupi.

Biashara hiyo, hata ikiwa ndogo, huguswa na sheria ndogo za halmashauri: leseni, ushuru wa nyumba za wageni, afya na usafi. Wanachama wengi huzifahamu sheria hizo siku wanapodaiwa. Wakati huo maoni yamekwisha kuchelewa. Makala hii inaeleza mahali ambapo mkazi anaweza kusikilizwa kabla sheria ndogo haijapitishwa.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 21, inampa kila raia haki ya kushiriki katika uamuzi wa mambo yanayomhusu. Haki hiyo hutekelezwa kwa njia mbili, kulingana na mahali anapoishi mwanachama.

Kwanza ni kijijini, kama Sitalike. Chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji yaweza kutunga sheria ndogo zake. Hupendekeza, kisha huyapeleka mapendekezo mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Baada ya hapo sheria hupelekwa halmashauri ya wilaya ipate kibali. Hapa mwanachama husema kwa kinywa chake mwenyewe.

Pili ni mjini, kama Mpanda. Chini ya Sheria Na. 8 ya mwaka huo huo, mtaa hautungi sheria ndogo. Mtungaji ni Halmashauri ya Manispaa kupitia Baraza la Madiwani, na mwenye kuidhinisha ni Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Lakini kabla ya kuomba idhini, halmashauri hutangaza kusudio lake na kuwaalika wakazi walete pingamizi au maoni. Pingamizi hupelekwa kwa maandishi, ndani ya muda uliotajwa katika tangazo. Mkazi aweza pia kusema katika mkutano wa mtaa, na kumweleza diwani wake. Mikutano ya Baraza ni ya wazi, ila msikilizaji hana ruhusa ya kuzungumza. Kwa hiyo anayengoja siku ya Baraza ili aseme, amekwisha kuchelewa.

Mambo gani yapimwe? Yafaa wanachama wayatazame manne.

(a) Ukubwa wa biashara. Ada moja kwa hoteli ya vyumba arobaini na kwa mjane mwenye vyumba viwili si haki, ijapokuwa huonekana kuwa usawa. Wakazi waweza kuomba ada ipangwe kwa idadi ya vyumba.

(b) Usalama. Kitabu cha wageni ni kinga ya mwenye nyumba na ya jirani. Anayekataa kuandika jina la mgeni asitegemee kutetewa na chama chake.

(c) Choo, maji na taka. Uchafu wa nyumba moja huingia kwa jirani asiyepata hata senti ya kodi ile.

(d) Wapangaji wa mwezi. Chumba cha mgeni wa siku kikilipa zaidi, mwalimu au mganga aliyepanga kwa mwezi aweza kuambiwa ahame. Mwenye nyumba ana haki na mali yake, lakini na mpangaji naye ni mkazi mwenye haki ya kusema.

Miji mikubwa ya dunia nayo inavutana juu ya jambo hili. Huko New York, tangu Septemba 2023, anayepangisha kwa siku zisizofika 30 lazima asajiliwe, awepo nyumbani pamoja na wageni wake, nao wasizidi wawili. Kwa masharti hayo, mwenye kugawana nyumba yake na mgeni ametenganishwa na anayezigeuza nyumba za wakazi kuwa hoteli. Tofauti hiyo yafaa kuzingatiwa hata Mpanda.

Kazi ya katibu wa chama ni nyepesi, ila inataka bidii. Tangazo likitoka, alinakili pamoja na tarehe ya mwisho. Alisome mbele ya wanachama. Aandike maoni yao, ya wenye nyumba na ya wapangaji, bila kuficha walipotofautiana. Ayapeleke kwa Mkurugenzi wa halmashauri na kubakiza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maoni yataje kifungu kinacholalamikiwa na kueleza kiandikwe vipi. Barua ya kulalamika tu haimsaidii mwandishi wa sheria.

Wanaushirika wanaujua utaratibu huu, kwa kuwa masharti ya chama chao hupitishwa na mkutano mkuu kabla ya kusajiliwa na Mrajis. Tena wanaijua hasara ya kukosa sauti. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Vyote vilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Vyombo vipo. Kilichobaki ni wenyewe kuhudhuria, maana asiyekuwapo na lake halipo.