Hamsta, Usiku Mrefu na Mayai Yanayosubiri

Hamsta wa Siberia ni mnyama wa kiganjani. Hafikii gramu 60, mimba yake ni ya siku 18 hivi, na jike akiwa katika majira yake huzaa mfululizo. Msimu ukigeuka, uzazi husimama. Mtu angedhani baridi na njaa ndivyo vinavyomzuia. Lakini mweke maabara, penye joto na chakula tele, umpunguzie mwanga tu kutoka saa 16 hadi 8 kwa siku: baada ya wiki kadhaa ovari zake husinyaa, mwili hukonda na manyoya huanza kuwa meupe.

Baridi inaweza kuwahi au kuchelewa; urefu wa mchana haubadili ratiba. Novosibirsk, kusini mwa Siberia, mchana wa Juni hupita saa 17, na wa Desemba hushuka hadi saa 7 hivi. Jike akingoja njaa imfikie ndipo aache kushika mimba, atazalia kwenye theluji. Ndiyo maana ovari hufunga kazi mapema, chakula kikiwa bado kipo.

Ujumbe wa mwanga hauendi kwenye ovari moja kwa moja. Jicho huupokea na kuupeleka kwenye saa ya mwili, iliyo ndani ya sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Kutoka hapo neva huushusha hadi uti wa mgongo, huupitisha kwenye fundo la neva shingoni, kisha huurudisha kichwani kwenye tezi ya pineali. Tezi hiyo humwaga homoni ya melatonini usiku. Usiku ukirefuka, melatonini nayo hukaa damuni kwa muda mrefu zaidi, na muda huo ndio kipimo cha majira. Mwaka 1965 Roger Hoffman na Russel Reiter, wakichunguza hamsta madume, walionyesha kwamba bila tezi ya pineali giza halisinyazi tena viungo vya uzazi.

Melatonini yenyewe si adui wa uzazi, ingawa mara nyingi huelezwa hivyo. Kondoo wa nchi za baridi hupata ujumbe uleule wa usiku mrefu, na kwake ndio wakati wa kupandwa, kwa kuwa mimba ya miezi mitano itaishia kwenye majani ya masika. Kwa hamsta, melatonini ya muda mfupi huiruhusu sehemu ya juu ya tezi ya pituitari kuamsha homoni ya tezi ya thairoidi ndani ya haipothalamasi, nayo haipothalamasi huihimiza pituitari kutoa homoni zinazokuza mayai. Usiku mrefu hukata mnyororo huo.

Kwetu karibu na ikweta kalenda hii haina nguvu hiyo. Morogoro, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki saa moja, na panya shamba wa huko, ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamewafuatilia kwa miaka mingi, hufuata mvua. Mvua ikileta majani mabichi na mbegu, majike huanza kushika mimba.

Turudi kwenye ovari iliyosinyaa, maana ndani yake kuna jambo la kuvutia zaidi. Vifuko vikubwa vyenye majimaji, vile vinavyokaribia kupevusha yai, hupungua mno, na yai halitoki. Vile vidogo kabisa, ambavyo ni akiba ya maisha yote, hubaki vimelala. Ukimrudisha jike kwenye mchana mrefu, kazi huanza upya baada ya wiki chache. Hata asiporudishwa, miezi ikishapita mwili huacha kuutii usiku mrefu na uzazi huamka wenyewe. Hilo humfaa mnyama anayeishi shimoni, ambako hauoni vizuri mchana ukirefuka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikwenda mbali zaidi. Majike waliolelewa katika mchana mfupi tangu utotoni, kisha wakahamishiwa mchana mrefu, walizaa vizuri zaidi ukubwani kuliko wenzao wa umri uleule ambao hawakuwahi kupumzika. Kwa kawaida jike wa mamalia hupoteza vifuko vya mayai kila uchao, awe anazaa au hazai. Hamsta aliyezaliwa msimu ukielekea ukingoni hupunguza upotevu huo, akaingia masika yake ya kwanza akiwa na umri wa miezi mingi lakini bado ana akiba ya mayai ya kutosha.