Njahi Imesomwa Nairobi

Katika soko la City Park, Parklands, njahi hupimwa kwa gorogoro: punje nyeusi tititi, kila moja na mstari wake mweupe. Wakikuyu humpikia mama aliyejifungua ili maziwa yatoke vizuri. Mkulima naye huithamini kwa kuwa mvua ikikatika mapema, njahi hustahimili. Hata hivyo watafiti waliipita kwa miaka mingi, wakashughulika na mahindi, ngano na soya.

Mwaka 2019 jenomu ya njahi, yaani maandishi yote ya DNA yake, ilichapishwa pamoja na ya mimea mingine minne ya Afrika, mlonge ukiwemo. Ilikuwa hatua kubwa, ila yenye mapengo mengi. Mashine zilizotumika husoma vipande vya herufi mia moja au mia mbili hivi, kisha kompyuta huviunga pale vinapofanana. Taabu ni kwamba DNA imejaa marudio. Chukua leso, ikatekate vipande vya ukubwa wa ukucha. Vyenye jina utavipanga bila shida. Lakini vya pindo, ambako ua moja limerudiwa kuanzia ncha hadi ncha, hutajua kipi kilikaa wapi wala maua yalikuwa mangapi.

Kinachohitajika ni vipande virefu. Watafiti wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Barabara ya Naivasha, walivipata kwa MinION, kifaa kinachoenea kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta. Ndani yake mna utando wenye vitundu vya protini. Umeme hafifu hupita kwenye kitundu, uzi wa DNA ukavutwa humo humo, na kila kikundi cha herufi huuzuia umeme kwa kiasi chake. Kompyuta husoma mabadiliko hayo na kuyageuza kuwa herufi, mamia kwa sekunde. Uzi wa herufi elfu hamsini ukiingia mzima, utasomwa mzima.

Kwa hiyo ugumu huhamia mezani, mikononi mwa mtu. Majani machanga hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, yakasagwa kuwa unga, kisha sukari na utomvu unaoweza kuziba vitundu huondolewa. Kuanzia hapo hakuna kutikisa kichupa wala kunyonya kwa mrija mwembamba, maana DNA ndefu hukatika upesi. Naiheshimu sana kazi hii ya subira, ambayo haionekani kwenye ramani iliyokamilika.

Ramani yenyewe ilitoka mwaka 2023 katika jarida la Nature Communications, Isaac Njaci na Oluwaseyi Shorinola wakiwa miongoni mwa waandishi wake: kromosomu 11, kila moja imepangwa kwa mfuatano. Vipande vifupi havikutupwa. Vilitumika kusahihisha herufi zilizosomwa vibaya. Ilithibitika kwamba binadamu aliigeuza njahi ya porini kuwa zao mara mbili, kila mara kivyake: aina ya maganda yenye punje mbili, ambayo imebaki Ethiopia, na ile ya punje nne iliyosambaa duniani. Zilitambuliwa pia jeni za protini zinazozuia tumbo kusaga chakula.

Malaria nayo ina pindo lake. Kimelea cha Plasmodium falciparum kina jeni za var zipatazo 60, na hubadilisha ile inayotumika ili kinga ya mwili isikitambue. Zinafanana kiasi kwamba vipande vifupi huzichanganya. Mwaka 2018 vimelea 15 kutoka nchi mbalimbali, Kenya ikiwemo, vilisomwa kwa vipande virefu, na jeni hizo zikaonekana zilipo.

Kwa binadamu, asilimia 8 ya jenomu ilibaki haijasomwa hadi 2022, vipande virefu vilipoikamilisha. Mwaka uliofuata ikatoka rejea iliyojengwa kwa DNA ya watu 47, na kati yao yumo Mmasai kutoka Kinyawa, Kenya. Mmoja hatoshi hata kidogo, kwa sababu Afrika ndiko DNA ya watu inakotofautiana zaidi. Daktari wa Parklands akipata matokeo ya DNA ya mgonjwa wake, huhitaji kuyalinganisha na DNA ya watu wengine iliyokwisha kusomwa. Tofauti iliyo ya kawaida Webuye au Kilifi ikikosekana humo, hawezi kujua kama ndiyo ugonjwa au ni urithi wa kawaida wa familia.