Picha ya Nyuma ya Jicho: Inaonyesha Nini?

Kuna ugonjwa wa macho usioumiza. Jicho halitoki usaha, wala si jekundu. Lakini nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga, unaoitwa retina, na huko ndiko sukari, uzee na magonjwa ya kurithi hufanya uharibifu wake kimya kimya. Mtoto wa jicho akitolewa, mtu huona tena. Retina ikishakufa, hairudi.

Ndiyo maana hupigwa picha mapema. Kuna picha ya rangi ya kawaida. Kuna ile ambayo mtu hudungwa dawa ya rangi mshipani, na ngozi na mkojo hugeuka njano kwa muda (msiogope, huisha). Halafu kuna ya tatu isiyohitaji sindano, kwa sababu, kumbe, retina yenyewe hung'aa!

Inakuwaje? Kila siku chembe zinazopokea mwanga hutupa ncha zake zilizochakaa, na chembe za chini yake huzimeza na kuzisaga. Lakini kama jiko la kuni, majivu hayaondoki yote. Mabaki hayo, yaitwayo lipofusini, huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Yakimulikwa kwa mwanga wa buluu hutoa mwanga wake hafifu sana, na kamera huunasa. Madaktari wa Moorfields, London, walichapisha picha za namna hii mwaka 1995.

Itazame hiyo picha kama shamba la mahindi ukiwa juu ya kilima. Panapong'aa kupita kiasi, mara nyingi chembe zimeelemewa. Panapokuwa peusi, mara nyingi zimekufa. Picha ya mwaka huu ikiwekwa kando ya ile ya mwaka jana, daktari anaona weusi umesogea kiasi gani. Inasaidia hasa kwa retina za wazee na magonjwa ya kurithi, na kwa wanaomeza haidroksiklorokwini kwa miaka mingi kwa ajili ya maumivu ya viungo. Dawa hiyo usiiache mwenyewe. Muulize daktari lini upimwe macho.

Sasa, mashine hiyo ni ghali na haipo katika zahanati zetu. Je, mama wa Kimilili mwenye sukari aisubiri? La! Kwake yeye, matone ya kupanua mboni na daktari kuangalia ndani, au picha ya kawaida, yatosha kuanzia. Hata simu imejaribiwa Nakuru: matokeo yaliyotoka mwaka 2016 yalionyesha kuwa simu iliyofungwa kifaa maalum hupiga picha za nyuma ya jicho zinazokaribia za kamera kubwa.

Shida kubwa, kwa maoni yetu, ni kufika. Katika shule 50 za Trans Nzoia walimu walipima macho ya wanafunzi, na matokeo yakatolewa mwaka 2018. Hawakupima retina, ni uwezo wa kuona tu. Kati ya waliokutwa na shida na kupewa barua peke yake, asilimia 22 walifika hospitali. Pale walimu walipotumia simu yenye programu ya Peek, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe, walifika asilimia 54.

Basi kikundi kiandike majina ya wanachama wenye sukari, kila mmoja na mwezi wake wa kupimwa, mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vizuri. Nauli itengwe mapema. Na asiende peke yake, wala asiendeshe baiskeli kurudi, kwani yale matone hutia ukungu machoni kwa saa kadhaa. Abebe na kofia, jua litamchoma macho.