Butembo-Beni: Umemaliza kuandika kitabu? Barua ya ukurasa mmoja inaweza kukifikisha mbali

Kijana wa Vuhovi, wilayani Beni, akimaliza kuandika riwaya, mara nyingi huona njia moja tu: kutafuta pesa, kupanda pikipiki hadi Butembo na kulipia uchapaji mwenyewe. Njia nyingine ipo, nayo huanza na barua.

Uingereza na Marekani, wachapishaji wengi wakubwa hawapokei muswada kutoka mkononi mwa mwandishi. Hupitia kwa wakala, anayetafuta mchapishaji na kusimamia mkataba. Wakala hulipwa asilimia ya pato la mwandishi, kwa kawaida 15. Kitabu kisipouzwa, naye hapati kitu. Kwa hiyo anayekudai pesa za kusoma muswada au za kufungua faili, mkimbie.

Barua isizidi ukurasa mmoja, na riwaya iwe imekamilika. Kwanza taja jina la kitabu, aina yake, idadi ya maneno na kwa nini umemchagua wakala huyo. Kisha eleza hadithi kwa ufupi: mhusika ni nani, anataka nini, nini kinamzuia. Mwisho jitambulishe. Kama hujawahi kuchapisha, usiombe radhi. Aliyeishi vita vya Beni na kuviandika ana jambo ambalo wengine hawana.

Soma masharti ya kila wakala. Mmoja anataka sura tatu za kwanza, mwingine kurasa kumi. Waandikie kadhaa, kila mmoja barua yake.

Kwa wanaoandika Kifaransa, mlango uko wazi zaidi: wachapishaji wengi wa Paris hupokea muswada moja kwa moja. Riwaya ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, Tram 83, ilitolewa huko na Métailié mwaka 2014. Mwaka 2016 tafsiri yake ya Kiingereza iliingia katika orodha ndefu ya tuzo ya Man Booker International.

Wanaoandika Kiswahili wana Tuzo ya Safal, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Hupokea miswada ambayo haijachapishwa, bila wakala, na kazi kadhaa zilizoshinda zimetolewa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam.

Jambo la mwisho: jitumie nakala ya muswada kwa barua pepe. Siku ya kukimbia, daftari linaweza kubaki nyumbani. Nakala hiyo utaikuta popote utakapofika.